Huoni Kitu Kwenye Hadubini? Anza na Lenzi Fupi

Maswali yanayonifikia kuhusu hadubini ni yale yale, hata kama waulizaji wanatofautiana. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaandika kwamba anaona weusi mtupu. Mwanachuo wa maabara anasema aliiona sampuli vizuri kwa 10x, lakini alipoweka 40x ikatoweka. Mwalimu mwenye hadubini tatu na darasa la wanafunzi hamsini anauliza kwa nini kila kipindi slaidi mbili huvunjika.

Nimeamua kuwajibu wote kwa pamoja, kwa sababu tatizo ni moja: lenzi yenye nguvu inatumiwa kutafuta. Lenzi fupi ndiyo ya kutafutia. Ile ndefu kazi yake ni kuchunguza kitu ambacho tayari umeshakipata. Ukilishika hilo, mengine yote hapa chini ni utaratibu tu.

Soma kilichoandikwa kwenye lenzi

Hadubini ya kawaida ina lenzi ya jicho, ambayo mara nyingi ni 10x, na chini yake kichwa kinachozunguka chenye lenzi tatu au nne zinazotazama slaidi. Ukuzaji wote ni namba ya lenzi ya jicho mara namba ya lenzi ya chini. Kwa lenzi ya jicho ya 10x, mambo yanakuwa hivi:

- 4x, mara nyingi yenye mkanda mwekundu: kitu hukuzwa mara 40. Ni ya kutafutia.
- 10x, mkanda wa njano: mara 100. Ni ya kusogeza, kuweka katikati na kuchagua eneo.
- 40x, mkanda wa buluu hafifu: mara 400. Seli za mimea, mayai ya minyoo, chembe za mkojo.
- 100x, mkanda mweupe: mara 1,000. Hii ni ya mafuta tu. Bakteria na vimelea vya malaria.

Rangi hizi hufuatwa na watengenezaji wengi ila si wote, kwa hiyo amini namba kuliko mkanda.

Kwenye lenzi ya 40x huenda ukakuta pia 160/0.17. Wengi huipuuza. Hiyo 0.17 ni unene, kwa milimita, wa kioo chembamba cha kufunikia sampuli ambacho lenzi hiyo ilitengenezwa ifanye kazi nacho. Ukitumia kioo kinene zaidi, au ukiweka viwili vilivyogandana bila kujua, picha itabaki na ukungu hata uzungushe nobu mpaka jioni.

"Kwa nini nisianze na 40x moja kwa moja?"

Hili ndilo pingamizi ninalolisikia zaidi, hasa kwa wenye haraka. Tufanye hesabu. Kama lenzi ya jicho imeandikwa pia 18, yaani namba ya upana wa eneo linaloonekana, eneo la duara unaloliona kwa 4x lina kipenyo cha milimita 4.5, maana 18 gawanya kwa 4 ni 4.5. Kwa 10x ni milimita 1.8. Kwa 40x ni milimita 0.45 tu, na kwa 100x ni 0.18.

Kipenyo kikipungua mara kumi, eneo linapungua mara mia. Yaani sehemu ya slaidi unayoimaliza kwa kuitazama mara moja kwa 4x, kwa 40x itakubidi uitazame mara mia moja, ukihama kidogo kidogo. Kuanza na 40x ni sawa na kutafuta nyumba ya mtu Manzese, Dar es Salaam, kwa kuchungulia kwenye tundu la funguo.

Kuna sababu ya pili, nayo ni ya pesa. Lenzi ya 4x ikiwa kwenye fokasi huwa iko zaidi ya sentimita moja juu ya slaidi. Ile ya 40x iko karibu nusu milimita. Ya 100x haifiki hata robo ya milimita. Anayezungusha nobu kubwa huku 40x ikiwa chini anavunja kioo, na wakati mwingine anakwaruza lenzi.

Kabla hujainama kutazama

Mambo haya hayachukui dakika moja, na nusu ya malalamiko huishia hapa:

- Zungusha kichwa mpaka usikie lenzi ya 4x ikibofya mahali pake. Isipobofya, mwanga umezibwa, na weusi unaouona ndio huo.
- Washa taa, fungua diaframu (tundu la chini ya jukwaa la kuongeza au kupunguza mwanga), kisha hakikisha unaona duara jeupe kabla ya kuweka slaidi yoyote.
- Kama hadubini yako ni ya kioo cha kuakisi, kielekeze dirishani au kwenye anga jeupe. Usikielekeze kwenye jua kamwe, utaharibu jicho. Kama ina kondensa (lenzi ya chini ya jukwaa inayokusanya mwanga), tumia upande wa kioo ulio bapa. Kama haina, tumia ule uliobonyea.
- Futa chini ya slaidi. Maji yakiwa chini, slaidi huganda kwenye jukwaa na haisogei kwa utaratibu.
- Angalia sampuli iko juu. Slaidi iliyogeuzwa itaonekana vizuri kwa 4x, itaonekana kwa 10x, halafu itakataa kabisa kwa 40x, kwa sababu unene wa slaidi ni karibu milimita moja na lenzi haiwezi kufika. Nitalirudia hili baadaye kwa sababu linawatesa hata wazoefu.

Hatua za kuipata sampuli

1. Kwanza itafute kwa macho matupu. Rangi au utando wa kitunguu unaonekana juu ya slaidi. Isogeze ikae juu kabisa ya tundu la mwanga.
2. Inama utazame kwa pembeni, si kwenye lenzi ya jicho. Kwa nobu kubwa, lete jukwaa na lenzi ya 4x karibu, mwisho wa kukaribiana lakini bila kugusana.
3. Sasa tazama kwenye lenzi ya jicho, kisha zungusha nobu kubwa polepole ukiviachanisha. Ukiwa unatazama ndani, daima unaachanisha. Hapo huwezi kuvunja chochote.
4. Picha ikitokea, simama. Malizia kwa nobu ndogo.
5. Sogeza slaidi mpaka unachokitaka kiwe katikati kabisa. Kumbuka picha imegeuzwa: ukisukuma slaidi kulia, picha inakwenda kushoto. Mikono itazoea yenyewe.

Jua hadubini yako inasogeza nini. Kwenye nyingi za sasa jukwaa ndilo hupanda na kushuka. Kwenye baadhi za zamani ni bomba lenye lenzi. Jaribu bila slaidi, ujue ukizungusha nobu kuelekea kwako kinachotokea ni nini.

Wapo watakaosema wamefanya yote hayo na bado ni mwanga mtupu. Mara nyingi sampuli ipo ila ni nyepesi mno, na fokasi imepita juu yake bila wao kugundua. Tafuta kitu kisichokosekana:

- ukingo wa kioo cha kufunikia;
- ukingo wa tone la damu lililokauka, pale rangi inapokolea;
- nukta uliyoiweka mwenyewe kwa kalamu ya wino, upande ule ule wa sampuli.

Weka fokasi kwenye ukingo huo, halafu sogeza slaidi kuelekea ndani bila kugusa nobu kubwa. Nukta ya wino naipenda zaidi kwa darasa la wanaoanza. Mwanafunzi akiiona nukta, ameshafika kwenye usawa wa sampuli.

Sampuli isiyo na rangi

Seli za shavu bila rangi, mkojo, maji ya bwawa: hivi vyote vinapitisha mwanga, na mwanga ukiwa mwingi vinapotea. Punguza diaframu mpaka kingo zionekane. Usizidishe, maana ukiifunga sana kila kitu kitazungukwa na mistari mieusi, nawe utachora mistari hiyo ukidhani ni kuta za seli.

Kisichopakwa rangi husaidiwa pia na mwendo. Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, aliviona vimelea vya malaria kwa mara ya kwanza huko Algeria mwaka 1880 kwenye damu ambayo haikupakwa rangi. Kilichomvuta macho ni nyuzi zilizokuwa zikichezacheza. Kwenye maji ya bwawa tulia kwenye sehemu moja kwa muda, usihamehame. Vitu vitapita mbele yako vyenyewe.

Kupanda kutoka 10x kwenda 40x

Lenzi za hadubini nzuri zimepangwa hivi kwamba ukiwa kwenye fokasi kwa moja, unapogeukia nyingine unabaki karibu kabisa na fokasi. Hii ina maana kwamba hupaswi kushusha jukwaa kabla ya kugeuza. Wengi hushusha kwa woga, halafu wanaanza kutafuta upya kwa 40x, na hapo ndipo slaidi huvunjika.

- Kwa 10x, weka fokasi kali na uweke kitu chako katikati kabisa. Kikiwa pembeni kidogo kwa 10x, kwa 40x kitakuwa nje ya duara. Ile "sampuli iliyotoweka" kwa kawaida haijatoweka. Iko nje kidogo ya ukingo.
- Tazama kwa pembeni huku ukigeuza kichwa. Shika pete ya kichwa chenyewe, si lenzi. Kuzungusha kwa kuvuta lenzi hulegeza skrubu zake.
- Kuanzia hapa, nobu kubwa ni marufuku. Tumia ndogo tu, robo au nusu mzunguko huku na huku.
- Ongeza mwanga. Kadiri lenzi inavyokuza, ndivyo picha inavyofifia.

Na kama baada ya mzunguko mmoja mzima wa nobu ndogo hakuna kitu? Usiendelee kuizungusha mpaka ikwame. Rudi 10x, rekebisha, weka katikati, panda tena. Kurudi chini kunachukua sekunde chache, na hata mtaalamu hurudi.

Usidhani pia kwamba kupanda ni lazima. Mayai ya kichocho cha mkojo yana urefu wa zaidi ya maikromita 100, na mwiba wake wa mwishoni unatambulika kwa 10x. Ya 40x ni ya kuthibitisha pale unapotia shaka.

Lenzi ya 100x na mafuta

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo lenzi inayoogopwa zaidi na ndiyo inayosoma vipimo vya malaria na kifua kikuu katika zahanati na vituo vya afya vyetu.

Mwanga unaotoka kwenye kioo ukiingia hewani hupinda na sehemu yake hutawanyika. Lenzi ya 100x ina mdomo mdogo sana na inauhitaji mwanga huo wote. Mafuta yake yametengenezwa yapindishe mwanga karibu sawa na kioo, kiasi cha 1.515 dhidi ya 1.52 ya kioo, wakati hewa ni 1. Tone likijaza nafasi kati ya slaidi na lenzi, mwanga hupita kana kwamba hakuna mpaka. Ernst Abbe aliyefanya kazi na Zeiss mjini Jena, Ujerumani, ndiye aliyeifikisha mbinu hii pale ilipo, mwaka 1878, na haijabadilika sana tangu hapo.

Ndiyo maana mafuta ya kupikia hayafai. Hayapindishi mwanga inavyotakiwa, na kuyasafisha ni kazi. Maji nayo hayafai. Kama chupa ya mafuta imeisha, kipimo cha 100x kisubiri.

Kwa slaidi ya tone nene, yaani tone la damu lisilotandazwa kuwa utando mwembamba, iliyopakwa rangi ya Giemsa na kukauka vizuri:

1. Anza na 10x. Chagua eneo la tone nene lenye rangi nzuri na chembe nyeupe za kutosha, pasipo na vipande vilivyobanduka.
2. Pandisha kondensa mpaka juu, fungua diaframu.
3. Geuza kichwa nusu, lenzi ya 10x iondoke na ya 100x isije bado. Weka tone moja dogo la mafuta pale mwanga unapopita. Usiguse slaidi kwa ncha ya chupa.
4. Ukitazama pembeni, geuza 100x iingie taratibu mpaka ibofye. Utaona mafuta yakimetameta yanapogusana na lenzi.
5. Kwa nobu ndogo tu, tafuta. Kwenye tone nene chembe nyekundu zimepasuka wakati wa kupaka rangi, kwa hiyo usizisubiri. Kitakachoonekana kwanza ni viini vya chembe nyeupe, vikubwa na vya zambarau. Vikiwa vikali, uko kwenye usawa sahihi.
6. Usiache nobu ndogo itulie. Tone nene lina kina, na kimelea kinaweza kuwa juu au chini kidogo ya pale ulipo. Kidole kinacheza mbele na nyuma wakati wote wa kusoma.

Kimelea kina nukta nyekundu ya kiini pamoja na utando wa buluu. Nukta peke yake, bila buluu, isikufanye ukimbilie kuandika. Na usiandike kwamba hakuna vimelea kabla hujapitia angalau maeneo 100 kwa lenzi hiyo. Anayesoma maeneo kumi na kuandika "hakuna" amemdanganya mgonjwa, hata kama amebahatisha.

*"Lenzi inagusa slaidi!"* Inagusa mafuta, na ndivyo inavyotakiwa. Lenzi nyingi za 100x zina springi ya kujilinda ikisukumwa kidogo, lakini springi si ruhusa ya kutumia nobu kubwa.

*"Naweza kurudi 40x kuhakikisha?"* Hapana. Hili ndilo kosa linaloharibu lenzi nyingi za 40x kuliko mengine yote. Ukiipitisha juu ya mafuta inapakwa, na kuanzia hapo kila atakayeitumia atalalamika kwamba "40x ya hadubini hii ni mbovu". Ukishaweka mafuta, njia ni ya 100x tu mpaka uifute slaidi. Kama ni lazima ubadili eneo, geukia upande mwingine, kwenye 4x au 10x, ambazo ziko mbali na mafuta.

Ni sampuli au uchafu?

Wanafunzi wengi wamechora mapovu ya hewa wakayaita seli. Povu ni duara kamilifu lenye ukingo mweusi mnene, na ndani hamna kitu. Kwa uchafu mwingine, jaribu hivi:

- Sogeza slaidi. Kikisogea nayo, kiko kwenye slaidi.
- Kisiposogea, zungusha lenzi ya jicho kwa vidole. Kikizunguka, kiko hapo.
- Kisipozunguka, badili lenzi ya chini. Kikitoweka, kilikuwa kwenye lenzi uliyoiacha.
- Kikibaki, angalia kondensa na taa.

Mistari mieusi inayopepesa juu ya picha ni kope zako. Rudisha kichwa nyuma kidogo.

40x ikikataa kabisa

10x iko safi, 40x ina ukungu usioisha. Kagua kwa mpangilio huu:

1. Slaidi imegeuzwa? Igeuze.
2. Kioo cha kufunikia ni kimoja, au viwili vimegandana?
3. Slaidi haina kioo cha kufunikia? Kwa damu iliyokauka 40x haitatoa picha kali. Tumia 100x na mafuta.
4. Lenzi ya 40x ina mafuta ya mtu mwingine? Ifungue, itazame mdomo wake dhidi ya mwanga. Hii namba nne ndiyo jibu mara nyingi zaidi, hasa kwenye hadubini ya watu wengi.

Macho mawili, na miwani

Kwenye hadubini yenye lenzi mbili za jicho, sogeza mirija mpaka maduara mawili yawe moja. Kisha funga jicho la upande wenye pete ya kurekebisha, weka fokasi kwa jicho la pili ukitumia nobu ndogo. Badili jicho, na sasa zungusha pete tu bila kugusa nobu. Ukiruka hatua hii kichwa kitakuuma kabla ya saa sita mchana.

Mwenye miwani ya kuona mbali au karibu anaweza kuivua, nobu itafidia. Mwenye miwani ya kurekebisha mkunjo wa jicho abaki nayo.

Kwenye hadubini ya lenzi moja ya jicho, jizoeze kuacha macho yote mawili wazi. Mwanzoni ni kero, halafu ubongo unaacha kulijali jicho la pili.

Ukimaliza

- Rudisha lenzi ya 4x chini, shusha jukwaa, ndipo utoe slaidi.
- Futa mafuta ya 100x siku hiyo hiyo kwa karatasi maalumu ya lenzi, kwa kugusisha na kuvuta upande mmoja, usisugue. Yasipotoka yote, ilowanishe karatasi kidogo sana kwa kisafishio cha lenzi. Usitumie shati, leso wala karatasi ya chooni. Zote zina nyuzi zinazokwaruza.
- Usiloweshe lenzi kwa zailini. Inaweza kulegeza gundi inayoshikilia vioo vya ndani.
- Zima taa, acha ipoe, kisha funika.

Kwa walio Tanga, Mombasa, Unguja na kote kwenye joto la unyevu: kuvu huota ndani ya lenzi, kama utando wa nyuzi, hasa hadubini ikifungiwa kwenye sanduku la mbao wakati wa likizo. Weka vifuko vya silika ndani ya sanduku, uvikaushe vinapobadilika rangi, na uitoe hadubini mara kwa mara hata kama hakuna kipindi. Kuvu ikishaingia ndani usifungue lenzi mwenyewe kwa bisibisi. Vioo vyake vimepangwa kwa umbali ambao mkono hauwezi kuurudisha. Mpe fundi wa hadubini. Na kama ni 40x iliyoathirika wakati 4x na 10x zingali safi, endelea kufundishia hizo mbili: utando wa kitunguu uliopakwa ayodini unaonyesha kuta za seli, na hata viini, kwa 10x.